MKWARUZO MDOGO, UGOMVI MKUBWA

Juma lililopita tuliongea juu ya kutunza mabati ya nyumba yasipate kutu. Leo tuendelee na bati lingine lipitalo mbele ya milango yetu kila siku, nalo ni bati la motokaa.

Pengine baba mmoja huko Mzenga au Maneromango atasema: "Mimi sina gari. Maneno haya ni ya watu wa mjini." La, ndugu. Gari huna, lakini una baiskeli ya kubebea magunia ya mkaa. Kijana wako anaendesha bodaboda. Mtoto wako anacheza na mawe karibu na gari la mgeni. Mbuzi wako naye hupenda kupanda juu ya boneti. Tena siku ya arusi au ya msiba magari kumi huingia uwanjani mwako, nawe ndiwe mwenyeji. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote, mwenye gari na asiye na gari.

Wazee wa Kibaha wanakumbuka siku ambazo gari lilikuwa jambo la kutazamwa. Mradi wa nchi za Nordiki, ambao baadaye ukawa Shirika la Elimu Kibaha, ulipoanza mwaka 1963, waliotembea kwa miguu walikuwa wengi kuliko waliopanda gari. Leo Kibaha ni mji wa magari hata kwa majina yake. TAMCO ni jina la kiwanda kilichounganisha malori, na Nyumbu ni kituo cha Serikali cha teknolojia ya magari. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa, na magari yamejaa tele. Upande wa Kisarawe, bodaboda zapita katika vijia ambavyo zamani walipita watu na baiskeli tu. Magari yakizidi na njia ikiwa ile ile, kugusana hakukosi.

Ajali kubwa ina askari wake na hospitali yake. Mkwaruzo mdogo hauna mwenyewe, na kwa sababu hiyo mara nyingi huleta ugomvi kuliko hasara yake. Rangi ya shubiri moja imewagombanisha majirani waliochota maji kisima kimoja miaka ishirini. Basi tuangalie mambo manne: la kufanya papo hapo, namna ya kukadiria malipo, namna ya kutengeneza, na namna ya kuzuia.

LA KUFANYA PAPO HAPO

Kwanza, simama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva aliyepata ajali asimame na kujitambulisha. Na mwenye baiskeli au mkokoteni, hata kama anadhani sheria haimwoni, dhamiri inamwona. Anayekimbia kwa mkwaruzo wa shilingi elfu hamsini hugeuka mkosaji mbele ya watu wote, na kesho akikamatwa hakuna atakayeamini kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Pili, tazama watu kabla ya kutazama rangi. Je, yuko aliyeanguka? Yuko mtoto aliyegongwa? Kama mtu ameumia, hapo si habari ya mkwaruzo tena. Mgonjwa apelekwe hospitali na polisi waambiwe. Msifanye mapatano ya siri juu ya damu ya mtu.

Tatu, kama mwenye gari hayupo, usiondoke kimya. Uliza pale penye duka au kijiweni gari ni la nani. Usipompata, andika karatasi yenye jina lako na namba yako ya simu, uibane chini ya waipa, na mweleze mtu mmoja mzima aliye karibu awe shahidi. Watu wengi huona aibu kufanya hivi, wakidhani ni kujitafutia deni. Lakini deni lilikwisha kuwapo tangu bati lilipoguswa; karatasi ile yaonyesha tu kwamba mdaiwa ni mtu mwaminifu. Mkristo ajue pia kwamba kutubu dhambi hakupaki rangi mlango wa jirani. Aliyeharibu mali ya mwenzake hana budi kuirudishia hali yake, kadiri awezavyo.

Nne, kila mmoja achunge ulimi wake. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno "pole" la aliyekwaruza, na neno "tuone kwanza" la mwenye gari, yamezima moto mwingi. Kumpiga kijana, au kumwacha apigwe na watu waliokusanyika, ni kosa kubwa kuliko lile la rangi.

Tano, pigeni picha kwa simu, pande zote za gari, mkiwa pamoja. Picha zionyeshe mkwaruzo mpya, na mikwaruzo ya zamani pia.

NAMNA YA KUKADIRIA MALIPO

Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe. Tuchukue mfano. Tuseme kijana wa bodaboda amebeba magunia mawili ya mkaa, anapita sokoni Kisarawe mahali pembamba, na gunia linakwaruza mlango wa gari la mgeni. Mgeni anakasirika, anataka shilingi 400,000, na anachukua ufunguo wa pikipiki mpaka alipwe. Kijana hana fedha hizo. Tena pikipiki si yake. Yuko katika mkataba na kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri. Ufunguo ukikaa siku tatu, nyumba yake inalala njaa siku tatu, na tajiri wake anaweza kumnyang'anya chombo. Mgeni naye hapati hata senti, maana mtu asiyefanya kazi atalipa na nini?

Haki iko wapi? Haki haiko katika hasira ya mgeni wala katika machozi ya kijana. Haki ni kulirudisha gari lilivyokuwa dakika moja kabla ya kuguswa, bila kuzidisha wala kupunguza. Basi na wafanye hivi. Waende kwa mafundi wawili wa rangi, na kila fundi ataje bei ya kutengeneza mkwaruzo ule tu. Tuseme wa kwanza asema 120,000 na wa pili 80,000, na kazi zao hazitofautiani. Basi 80,000 ndiyo hesabu. Kama bampa lilikuwa limepasuka tangu mwaka jana, bampa hilo si mzigo wa kijana huyu. Na kama mgeni alisimamisha gari katikati ya njia ya watu, naye abebe sehemu yake.

Mwenye gari ajiulize pia swali moja la kweli: "Fedha hizi nikilipwa, nitatengeneza mlango, au nitazila?" Akiona kwamba mkwaruzo wenyewe ni wa kuondoka kwa polishi, apokee kazi badala ya fedha: kijana aoshe gari na kulisugua vema, mambo yaishe.

Wengine huuliza juu ya bima. Bima ndogo, ile ambayo kila gari na kila pikipiki barabarani yapaswa kuwa nayo, ni kwa ajili ya hasara ya mtu wa pili. Haitengenezi gari lako mwenyewe. Bima kubwa hutengeneza na lako, lakini mara nyingi wewe hubeba kiasi cha kwanza cha gharama. Kwa mkwaruzo mdogo kiasi hicho huweza kuizidi bei ya fundi, ndiyo sababu watu wengi hupatana wenyewe. Hata hivyo bodaboda asiyekata bima asijisifu kwamba ameweka akiba. Siku akigusa gari la thamani, au akimwumiza mtu, atauza shamba.

Mkipatana, andikeni. Neno la mdomo husahaulika mvua moja tu ikipita. Si lazima kwenda kwa wakili. Daftari la mtoto latosha. Karatasi iwe na maneno kama haya:

"Leo tarehe …, mahali …, mimi … nimekwaruza gari namba …, mali ya …. Palipokwaruzwa ni mlango wa nyuma wa kushoto, urefu wa shubiri moja. Mikwaruzo ya zamani iliyo katika bampa si yangu. Tumepatana nilipe shilingi …, kwa mafungu …, la kwanza tarehe …, la mwisho tarehe …. Nikiisha kulipa, neno hili limekwisha."

Watieni sahihi wote wawili pamoja na mashahidi wawili. Kila mmoja abaki na nakala yake. Kila fungu likilipwa, liandikwe nyuma ya karatasi. Mkishindwa kupatana, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji au mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, kabla jambo halijafika mbali.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Watu hudhani rangi ya gari ni koti moja kama rangi ya dirisha la nyumba. Sivyo. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Tabaka zote hizo pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, karibu unene wa karatasi moja ya daftari. Karatasi hiyo nyembamba ndiyo inayolinda bati lisiliwe na maji na hewa.

Osha kwanza mahali pale kwa maji mengi na sabuni laini, kisha kausha kwa kitambaa cha pamba. Usitumie mchanga, majivu, wala waya wa kusugulia sufuria. Mara nyingi unachokiona si jeraha bali ni rangi ya kile kilichogusa, imeshikamana juu tu. Pitisha sasa ukucha juu ya mkwaruzo, ukiuvuka. Ukucha utakuambia ugonjwa ni wa aina gani.

Kama ukucha haukwami, imeguswa klia tu. Sugua taratibu kwa polishi ya gari na kitambaa laini, kisha paka nta ya gari. Kazi hii aweza kuifanya hata mwenye gari mwenyewe kivulini, bati likiwa limepoa.

Kama ukucha unakwama, lakini bati halionekani, mkwaruzo umepita klia na kufika kwenye rangi au praima. Hapa yatakiwa rangi ya kuziba, ipakwe kidogo kidogo kwa burashi nyembamba, ikauke, kisha klia juu yake. Kila gari lina namba ya rangi yake, imeandikwa kwenye kibati kidogo ndani ya boneti au penye nguzo ya mlango. Mwonyeshe fundi namba hiyo asikisie kwa macho. Hata hivyo gari la zamani limepigwa jua miaka mingi, na rangi mpya haitafanana nalo kabisa; mwambie aijaribu kwanza juu ya kipande cha bati.

Kama bati jeupe laonekana, au wekundu wa kutu umeanza, usingoje mwisho wa mwezi. Kutu haibaki mahali pake. Hutambaa chini ya rangi nzima, na rangi huvimba kama ngozi iliyoungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yapasa kusugua kutu yote kwa msasa mpaka bati liwe safi, kupaka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi, kisha klia. Kama fedha haijapatikana, kausha vizuri na upake rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya akina mama, izuie maji kwa siku chache. Fundi ataiondoa kabla ya kuanza kazi.

Bampa la plastiki ni habari nyingine. Plastiki haishiki kutu. Mkwaruzo wake ni wa sura tu na waweza kungoja, basi mtu asikutishe kwamba gari litaoza.

Tena zipo dawa za kijiweni ambazo si dawa. Mafuta ya breki hula rangi. Yakidondokea gari, mwagia maji mara moja. Mafuta ya taa na dizeli hung'arisha kwa saa moja, kisha huvuta vumbi. Dawa ya meno ina chenga za kusugua, nayo huacha doa lililofifia pale palipokuwa paking'aa.

Neno kwa vijana wanaojifunza kazi ya kupuliza rangi: rangi zinazochanganywa na dawa ya kukaushia zina sumu inayodhuru mapafu, na huweza kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakizuii sumu hiyo. Yatakiwa barakoa yenye kichujio cha mvuke na mahali penye hewa nyingi. Thina nayo hushika moto upesi, basi msipulize rangi karibu na jiko wala mahali watoto wanapocheza. Wakati wa masika pia, hewa ikiwa imejaa unyevu, rangi huweza kufifia na kuwa kama yenye ukungu. Fundi mzuri hungoja siku kavu.

NAMNA YA KUZUIA

Kwa waendesha bodaboda na baiskeli. Mzigo usizidi upana wa usukani. Kijiti cha kuni au pembe ya bati iliyojitokeza nusu mkono ndiyo ikwaruzayo, nawe huioni maana iko nyuma yako. Ncha za usukani zivishwe mpira. Mahali pembamba shuka, usukume.

Kwa wenye magari. Usisimame chini ya mnazi. Nazi moja hubonyeza paa zima. Chini ya mwembe napo utomvu hudondoka, na mavi ya ndege yakikaa juani hula klia, basi yaoshe siku ile ile. Katika barabara za changarawe kaa mbali na lori lililo mbele yako, maana matairi yake hurusha mawe. Usipanguse vumbi kavu kwa kitambaa: vumbi letu lina chembe za mchanga, nazo ni ngumu kuliko rangi. Mwagia maji kwanza.

Na kurudi nyuma: kabla hujaingiza gia ya nyuma, shuka, zunguka gari, tazama. Ukiwa na mtu, asimame pembeni unakoweza kumwona, akuelekeze. Mikwaruzo mingi ya uwanjani hutokea hapo. Lakini rangi siyo sababu kubwa. Leo uligusa kisiki ukasema "si kitu." Kesho pale penye kisiki atakuwa amechuchumaa mtoto wa miaka miwili ambaye kioo hakimwonyeshi.

Kwa wazazi. Watoto hupenda kuandika majina yao kwa kidole juu ya gari lenye vumbi. Hawajui kwamba wanasugua mchanga juu ya klia, na gari likioshwa jina hubaki. Waambieni kwa upole kabla mgeni hajafika. Mtoto akiharibu, mzazi aende naye kwa mwenye gari, aombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Usimpige mbele ya mgeni ili mgeni akusamehe. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya kusema kweli, mara ya pili atasema uongo.

Kwa wenyeji wa arusi na misiba. Siku moja kabla, vijana wafyeke miiba ya kando ya njia, wang'oe visiki au wavifunge kitambaa cheupe, na mbuzi wafungwe. Achague mtu mmoja wa kupanga magari, tena asinywe pombe siku hiyo. Magari yaelekezwe njiani tangu yanapoingia, ili usiku yasitoke kinyumenyume katika giza na watu wakiwa wamechoka. Njia ya miguu na njia ya kwendea kisimani zisizibwe.

Ndugu wasomaji, bati la gari lanunuliwa, na rangi yachanganywa dukani. Jina jema la kijana wa bodaboda, na ujirani wa nyumba mbili, havina fundi wa kuvipuliza upya. Basi atakayegusa asimame, na atakayeguswa akadirie kwa haki. Kisha karatasi iandikwe, na kutu izibwe mapema.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kutunza taa za baiskeli na pikipiki, maana giza nalo lina mikwaruzo yake.